Kipini cha Taa ya Kamera Kilichouzwa kwa Dola Milioni 3.6

Septemba 2025, kwenye mnada uliofanyika Los Angeles, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani kiliuzwa kwa dola 3,654,000 za Marekani. Ukikiokota bila kujua ni nini, utasema ni kipini cha taa ya kamera ya zamani, na hutakuwa umekosea. Mafundi walianza na kipini cha taa aina ya MPP, kilichotengenezwa Uingereza kwa matumizi ya wapigapicha, kisha wakakiongezea vipande vyao. Walipomaliza, kikawa upanga wa mwanga wa Darth Vader. Kiliingia katika filamu mbili za Star Wars, ya 1980 na ya 1983, mikononi mwa David Prowse aliyevaa vazi jeusi la Vader na Bob Anderson aliyempigania mapigano ya panga.

Mnada wa namna hii kila ukipita, mashabiki waliokesha wakiufuatilia hubaki na maswali yaleyale. Dalali amegonga nyundo kwenye milioni 2.9, mbona habari zinasema 3.65? Kama huu ndio upanga wenyewe, ule mwingine uliouzwa mwaka fulani ulikuwa wa bandia? Nani alihakikisha? Na kwa nini gauni lililosubiriwa kwa hamu lilifika mnadani likarudi kwa mwenyewe? Majibu yapo, na hayahitaji utaalamu wa sheria wala wa sanaa.

Tuanze na maneno. Nyumba ya mnada kwa kawaida haimiliki kile inachokinadi. Mwenye mali huikabidhi kitu chake, nayo inakitafutia mnunuzi na kujilipa kwa ada. Kila kitu, au kila kundi la vitu vinavyouzwa pamoja, huitwa fungu, na hupewa namba kwenye katalogi. Pembeni ya namba huandikwa makadirio, yaani bei mbili, ya chini na ya juu, ambazo wataalamu wa nyumba hiyo wanadhani dau litaangukia katikati yake. Kuna bei nyingine ambayo huioni, nayo ni ile ya chini kabisa ambayo mwenye mali amekubali kimyakimya na nyumba ya mnada. Dau lisipoifikia, kitu hakiuzwi. Bei ambayo dalali anaigongea nyundo ndiyo bei ya nyundo, na juu yake mnunuzi hulipa ada, ambayo ni asilimia fulani inayokwenda kwa nyumba ya mnada.

Ukishaijua hiyo ada, swali la kwanza limekwisha. Chukua milioni 2.9, ongeza asilimia 26, utapata 3,654,000 bila senti kuzidi wala kupungua. Dalali alisema kweli, na habari zilisema kweli. Ni kama bili ya hoteli: bei ya chumba uliyoiona kwanza si ile unayolipa siku ya kuondoka.

Hesabu haiwi rahisi hivyo kila mara, kwa kuwa nyumba nyingi hupunguza asilimia bei inapopanda. Oktoba 2006, Christie's ya New York iliuza kwa siku tatu mafungu takribani 1,000 yaliyotoka katika hazina ya Star Trek, mfululizo wa televisheni na filamu za safari za anga. Nyota wa mnada ule alikuwa modeli ya chombo cha anga Enterprise-D, yenye urefu wa futi sita, iliyojengwa 1987. Nyundo iligonga kwenye 500,000. Mnunuzi alitozwa asilimia 20 kwa dola 200,000 za mwanzo na asilimia 12 kwa zilizobaki, akalipa 576,000. Kwa hiyo unapokuta mashabiki wanabishana kitu gani kimevunja rekodi, uliza kwanza kama wote wawili wanataja bei ya aina moja. Mara nyingi mmoja ana bei ya nyundo na mwenzake ana bei yenye ada, na ubishi wote umesimama hapo. Gharama za kusafirisha, bima na ushuru wa forodha hazimo hata katika hiyo bei kubwa.

Modeli hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Makadirio yake yalikuwa kati ya dola 25,000 na 35,000. Wataalamu hawakuwa wajinga. Makadirio huwekwa chini kwa makusudi mara nyingi, ili watu wengi zaidi waone kuwa wana nafasi na wainue mikono. Watu wawili wenye fedha na mapenzi wakikutana juu ya fungu moja, makadirio husahaulika. Vivyo hivyo na dau la kufungulia. Oktoba 2023, huko Dallas, Heritage Auctions ilifungua dau la modeli ya chombo cha kivita cha X-wing, cha Star Wars, kwa dola 400,000, na wapo waliodhani hiyo ndiyo thamani yake. Iliondoka kwa 3,135,000.

Namba zinazopanda bila mnunuzi

Sasa tuje upande wa pili, ambao huwaumiza mashabiki zaidi. Mwaka 2023, nyumba ya mnada ya Propstore ilipeleka mnadani gauni jeupe ambalo Carrie Fisher alilivaa akiwa Princess Leia katika tukio la mwisho la filamu ya kwanza ya Star Wars, ya 1977, lile la kutunukiwa nishani. Halikuuzwa. Miaka mitano kabla, mnada uliofanyika London ulikuwa na koti lililovaliwa na Harrison Ford akiwa Han Solo katika filamu ya 1980, kwa makadirio yaliyoanzia pauni 500,000. Nalo halikuuzwa. Mara moja wengine wakatangaza kwamba vitu hivyo ni feki na matajiri wamegundua.

Kutouzwa hakuthibitishi hivyo. Maana yake ni kwamba siku ile hakuna aliyefika kwenye bei ambayo mwenye mali alikuwa tayari kuachia. Mtu anaweza kuipeleka nyumba yake sokoni, asipate bei anayoitaka, akaendelea kuishi humo, na nyumba ikabaki nyumba.

Kinachochanganya ni kwamba mtazamaji aliziona namba zikipanda. Zilipandaje kama hakuna mnunuzi? Hapa pana kanuni ambayo wengi hawaijui, ingawa imeandikwa wazi katika masharti ya nyumba nyingi za mnada: dalali anaruhusiwa kuweka dau kwa niaba ya mwenye mali, ili mradi asifike kwenye ile bei ya siri. Kwa hiyo ngazi za mwanzo unazoziona zikipandwa zinaweza kuwa za dalali peke yake, akitafuta mkono wa kwanza. Nadhani kanuni hii ingestahili kusomwa kwa sauti kabla ya kila mnada, kwa kuwa shabiki anayefuatilia kwenye simu hawezi kutofautisha dau la mtu na dau la kuamsha soko.

Pia si kila mnunuzi yupo ukumbini au mtandaoni wakati ule. Wapo wanaoacha kiwango chao cha juu mapema. Ukiacha dola 5,000 na mwenzako akakomea 3,000, hulipi 5,000. Dau lako litapandishwa ngazi moja tu juu ya lake. Ndiyo maana wakati mwingine bei huruka ghafla mara fungu linapofunguliwa: madau mawili yaliyoachwa mapema yamekutana na kupandishana yenyewe.

Halisi ni neno lenye vyumba vingi

Sehemu hii ndiyo nzito, na ndiyo inayozaa ugomvi mwingi kuliko zote.

Shabiki akisikia "upanga halisi wa Darth Vader" hufikiria kitu kimoja tu duniani. Filamu hazitengenezwi hivyo. Kwa chombo muhimu, karakana hutengeneza nakala kadhaa kwa kazi tofauti. Ipo iliyokamilika kila kona, ya kupigwa picha kwa karibu, pengine na taa au sehemu zinazocheza. Ipo ya mpira au mbao nyepesi, ya mapigano, ili mwigizaji akianguka nayo asivunjike mbavu. Ipo iliyotengenezwa harakaharaka kwa ajili ya watu wanaopita nyuma kabisa ya picha. Zote zilitengenezwa na filamu ileile, wakati uleule, wakati mwingine na fundi yuleyule. Hakuna ya bandia kati yake, ila bei zake hazikaribiani.

Fikiria jezi ya mchezaji mashuhuri. Aliyoivaa akifunga bao la fainali ni halisi. Aliyoandaliwa ya akiba ikabaki kabatini ni halisi pia, maana jina lake limo na klabu ndiyo iliyoitoa. Inayouzwa dukani ina nembo na ruhusa zote. Ukizitandika tatu mezani huenda usizitofautishe, lakini unajua ipi ungeikumbatia.

Bastola ya Han Solo inalionyesha hili vizuri. Umbo lake lilitokana na bastola ya kweli ya Ujerumani, Mauser C96, iliyofungwa darubini na vipande vingine. Mwaka 2018, Julien's iliuza moja iliyohusishwa na filamu ya 1983 kwa dola 550,000. Mwaka 2022, Rock Island Auction ikauza nyingine, ya filamu ya kwanza ya 1977, kwa 1,057,500. Baadhi ya mashabiki waliona lazima mmoja amedanganywa. Hakuna haja ya kufika huko, kwani ni filamu mbili na bastola mbili. Ile ya filamu ya kwanza ilipata karibu maradufu kwa sababu ndiyo iliyokuwapo hadithi ilipoanza.

Kuna hata halisi ya kuunganisha. Roboti R2-D2 aliyeuzwa 2017 kwa dola milioni 2.76 hakuwa roboti mmoja aliyetoka studio akiwa mzima. Aliunganishwa kutokana na sehemu zilizotumika katika filamu mbalimbali za mfululizo ule, na katalogi ilisema hivyo. Mimi sioni ubaya wowote, mradi imesemwa. Ubaya huanza pale neno "halisi" linapoachwa peke yake bila kuelezwa ni halisi ya namna gani. Kwa hiyo soma maelezo ya fungu polepole. "Kilitengenezwa kwa ajili ya filamu" ni madai madogo kuliko "kilitumika wakati wa kupiga filamu", na yote mawili ni madogo kuliko "kimeoanishwa na picha ya filamu".

Nasaba ya kitu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ni nusu ya mali. Bei kubwa hulipwa kwa kitu ambacho nasaba yake inaweza kusimuliwa mkono kwa mkono: kilitoka kwa nani, akampa nani, mwaka gani, na kilikaa wapi miaka hiyo yote.

Ugumu ni kwamba watengenezaji wa filamu hawakuvitunza vitu hivi. Picha ilipokwisha kupigwa, vilikuwa takataka zinazojaza ghala. Vingine vilivunjwa ili vipande vyake vitengeneze vitu vipya, vingine vilichukuliwa na wafanyakazi wakaenda navyo nyumbani, vingine vilitupwa. Chombo cha kwenda mwezini cha Aries 1B, kutoka filamu ya 1968 ya Stanley Kubrick kuhusu safari ya anga, kilikaa miongo kadhaa kwa mwalimu mmoja wa Uingereza. Mwaka 2015 chuo kinachotoa tuzo za Oscar kikakinunua mnadani kwa dola 344,000.

Ile modeli ya X-wing ya Dallas ilikuwa na historia ya namna hiyohiyo. Greg Jein alikuwa fundi wa modeli za filamu, miongoni mwa walioheshimiwa sana Hollywood, na mkusanyaji asiyechoka. Alifariki 2022. Marafiki zake walipopekua mali aliyoiacha, walikuta ndani ya gereji sanduku la karatasi ngumu lililojaa vipande vya povu la kufungia mizigo, na katikati ya povu, chombo cha kiongozi wa kikosi chekundu katika vita vya mwisho vya filamu ya 1977. Watu walikuwa wamekitafuta kwa miaka mingi.

Walijuaje kuwa ni chenyewe? Hapa ndipo panaponipendeza kuliko kote, maana kazi hii imejengwa kwa sehemu kubwa na mashabiki wenyewe. Mafundi wa miaka ya 1970 hawakuchonga kila kipande cha vyombo vyao. Walinunua masanduku ya modeli za plastiki, vifaru, magari na ndege, wakavunja vipande na kuvigandisha kwa gundi juu ya chombo hadi kikaonekana kama mashine ya kweli. Mkono wa binadamu haurudii. Kipande kimoja kimekaa mshazari kidogo, kingine kina tone la gundi lililovuja, rangi ya kuchakaza imeteleza mahali fulani. Anayeoanisha husimamisha filamu kwenye picha moja, anaikuza, anaweka pembeni picha ya kitu kilichopo mkononi, na kutafuta alama hizo moja baada ya nyingine. Zikipatana nyingi, na hasa zile ambazo hakuna aliyezikusudia, shaka huanza kuisha.

Chuma husema kwa mikwaruzo na mabonde, mbao kwa mistari yake, ambayo haifanani kati ya ubao mmoja na mwingine. Kitambaa chenye maua au michirizi husema mahali mshono ulipoikata michirizi hiyo. Kitambaa cheupe tupu kiko kimya, na ndiyo sababu nguo nyeupe zina kazi ngumu ya kujithibitisha.

Je, cheti cha uhalisi? Wengi wanaamini cheti ndicho kinachofanya kitu kiwe cha kweli. Cheti ni karatasi, na uzito wake ni uzito wa aliyeitia saini. Kikiwa kimetolewa na studio siku ilipouza kitu, kina maana. Kikiwa kimechapishwa na muuzaji mwenyewe kwa kitu anachokiuza mwenyewe, kinakuambia tu kwamba muuzaji anasimama na neno lake. Ningechagua kitu kisicho na cheti chenye picha kumi zilizooanishwa, niache chenye cheti kizuri na historia inayoanzia mwaka jana.

Kununua si kumiliki kila kitu

Nasaba ina kazi nyingine ambayo husahaulika: kuonyesha kwamba anayeuza ana haki ya kuuza. Modeli ya kwanza kabisa ya Enterprise, yenye urefu wa karibu futi tatu, iliyoonekana katika picha za ufunguzi wa Star Trek ya miaka ya 1960, ilikaa mezani kwa muundaji wake, Gene Roddenberry. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliiazimisha kwa waliokuwa wakiandaa filamu. Haikurudi. Mwaka 2023 ikaonekana inauzwa mtandaoni, kwenye eBay, dau la kuanzia likiwa dola 1,000. Mashabiki waliitambua mara moja na kupiga kelele. Tangazo likaondolewa, modeli ikapelekwa Heritage kuchunguzwa, na Aprili 2024 ikakabidhiwa kwa mwana wa Roddenberry.

Fikiria kama mtu angeishinda kwa dola elfu chache. Katika sheria za Marekani, mwizi hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana, hata mnunuzi awe mwaminifu kiasi gani na risiti iwe nzuri namna gani.

Na hata ununuzi ukiwa halali kabisa, umenunua kitu tu. Aliyechukua upanga wa Vader hakuchukua haki ya kutengeneza nakala za kuuza, kuchapisha fulana au kumtumia mhusika katika tangazo. Haki hizo zimebaki kwa mwenye filamu, kama vile anayenunua kitabu hapati ruhusa ya kukichapa upya.

Anachokichukua pamoja na kitu ni mzigo wa kukitunza. Vitu vya filamu vilitengenezwa viishi wiki chache mbele ya kamera. Povu la mpira lililotumika kwa vinyago na viumbe wa ajabu hukauka na kumeguka lenyewe hata likiachwa bila kuguswa, na gundi hubadilika rangi na kuachia. Mnunuzi anajaribiwa kukarabati, na hapo anaingia katika mtego, kwani kila rangi mpya inayopakwa inafunika alama zilizokuwa ushahidi wake.

Modeli kubwa ya Enterprise, ya futi 11, haijawahi kuhitaji mnada. Studio iliitoa kwa Smithsonian, taasisi ya majumba ya makumbusho ya Marekani, mwaka 1974, nayo ipo katika jumba la makumbusho la anga huko Washington. Ilikuwa imekarabatiwa mara kadhaa, na ukarabati wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwaudhi mashabiki kwa mistari mizito iliyochorwa mwilini mwake. Jumba lilipoamua kuirudisha ilivyokuwa Agosti 1967, liliwaomba watu wa kawaida watoe picha na filamu walizowahi kuipiga zamani, kabla haijaguswa mno. Na kwenye sehemu ya chombo iliyo kama sahani, upande wa juu, palikuwa na rangi ambayo hakuna mkarabati aliyewahi kuifunika tangu siku za kupiga filamu. Mafundi waliipima rangi hiyo, wakachanganya ya kupaka kwingine kote ifanane nayo, na pale juu wakapaacha kama palivyo.